Gari Kuukuu na Breki za Kuaminika

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Neno hilo ni la kweli, lakini mwenye gari zito, mteremko mkali na breki mbovu hana uwezo wa kwenda pole hata akitaka. Ndiyo maana juma hili safu yetu inaacha kidogo habari za jikoni na bustani, ili tuzungumze juu ya breki za magari ya kale yanayojengwa upya.

Katika barua zilizotufikia imo moja iliyotoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwandishi wake ni sajini mstaafu wa polisi. Amenunua mnadani Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ambayo ilikuwa imelala chini ya mti kwa miaka mingi. Injini ya petroli ameitoa, akatia ya dizeli ya Kijapani yenye nguvu zaidi. Bodi imenyoshwa, viti vimeshonwa upya, na rangi imekwisha kununuliwa. Yamebaki mambo ya breki, na hapo ndipo penye mzozo. Fundi wa kwanza amemshauri azirudishie ngoma zake za asili. Wa pili anataka atie diski magurudumu ya mbele. Wa tatu anayo ekseli ya mbele ya Range Rover yenye diski zake tayari, naye anasema kazi ni ya siku mbili tu. Mkewe sajini hakuingia katika ubishi huo. Amesema tu kwamba watoto hawatapanda gari hilo kwenda Kisoro kwa bibi yao mpaka aone kwa macho yake kuwa linasimama.

Sisi tunaona kwamba mama huyo ameanza hesabu mahali panapostahili. Swali la kwanza si kuuliza breki ipi ni ya kisasa, bali gari hili litabeba nini, kwa mwendo gani, na katika barabara ipi. Mwenye kulijibu vema swali hilo atakuwa amekwisha nusu ya kazi ya kuchagua.

BREKI HULA JOTO

Yafaa tuelewe kwanza kazi ya breki. Gari likienda huwa na nguvu ya mwendo, na nguvu hiyo haipotei hivi hivi. Breki huigeuza kuwa joto. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara 4. Gari zito lenye breki nzuri kiasi, likienda kilomita 40 kwa saa, laweza kusimama katika meta 12 hivi tangu breki zinapoanza kushika. Gari lilelile likienda kilomita 80 kwa saa litahitaji meta 49. Juu ya hizo ziongezwe zile meta linazopita wakati dereva angali anahamisha mguu. Kwa mwendo wa kilomita 80 ni meta 22 katika kila sekunde moja.

Kwa hiyo, sajini wetu alipotia injini yenye nguvu alibadili hesabu ya breki pia. Ngoma zilizotosha wakati gari lilipopanda kilima kwa taabu huenda zisitoshe sasa linapokimbia.

Tuangalie na mteremko. Gari la tani 2 likishuka kimo cha meta 300, pasipo kuongeza mwendo, hutoa joto la kutosha kuchemsha maji zaidi ya lita 17 yaliyokuwa baridi ya kawaida. Mama wa nyumbani anajua ni kuni ngapi zinazohitajika kwa ndoo kama hiyo. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo huiachia injini sehemu ya mzigo huo, lakini yule anayeshuka kwa gia kubwa huku amekanyaga breki njia nzima huutwika wote juu ya vipande vichache vya chuma. Ngoma ikipata joto kali hutanuka na kuviacha viatu vyake nyuma, na lainingi nazo hupoteza ukali wa kushika. Dereva hukanyaga, kanyagio likashuka, gari lisipunguze mwendo.

NGUVU YA MGUU HUFIKAJE GURUDUMUNI?

Jambo hili laweza kufundishwa watoto nyumbani. Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, moja dogo la mililita 5 na moja kubwa la mililita 20, bila sindano zenyewe. Yaunganishe kwa mrija mwembamba uliojaa maji. Mtoto mmoja asukume dogo, mwenzake azuie kubwa. Yule mwenye dogo atashinda, ingawa atasukuma safari ndefu na lile kubwa litasogea kidogo tu. Sasa acha hewa kidogo iingie katika mrija, mrudie tena. Nguvu itapotea kwa kuibana hewa, na mkono utahisi ulaini kama wa sifongo. Blaise Pascal, mtaalamu wa Ufaransa wa karne ya 17, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo ya msukumo wa maji, na gari la Duesenberg la Marekani liliitumia katika breki za magurudumu yote manne tangu mwaka 1921.

Bomba dogo katika mfano wetu ni masta silinda iliyo chini ya kanyagio, na bomba kubwa ni silinda zilizo magurudumuni. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea hesabu. Masta silinda ya inchi moja ina uso mpana mara 1.78 kuliko ile ya robo tatu ya inchi. Kwa mguu uleule, ile ndogo hutoa msukumo mkubwa mara 1.78, lakini kanyagio lake huenda chini zaidi. Mtu akiokota masta silinda yoyote sokoni kwa sababu tu matundu ya bolti yanalingana, aweza kupata kanyagio gumu kama jiwe lisilosimamisha gari, au jepesi linalogonga sakafu kabla breki hazijashika.

NGOMA AU DISKI?

Diski zilipata sifa kubwa mwaka 1953, gari la Jaguar liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, kwa kutumia breki za aina hiyo. Sifa hizo ni za haki. Diski hukaa wazi penye upepo, hupoa upesi, na ikitanuka kwa joto huzisogelea pedi badala ya kuzikimbia. Gari likitoka mtoni, diski hupanguswa maji kwa mizunguko michache, ilhali ngoma hubaki na maji na tope ndani, na dereva hana budi kukanyaga breki polepole mara kadhaa ili azikaushe.

Hata hivyo ngoma nazo zina hoja zao. Kiatu kinachoelekea mzunguko wa gurudumu huvutwa na ngoma yenyewe kikazidi kubana, hivyo mguu hupata msaada wa bure. Land Rover ya inchi 109 ina ngoma za inchi 11, na mbele viatu vyote viwili vimepangwa kwa namna hiyo. Ile fupi ya inchi 88 kwa miaka mingi ilikuwa na ngoma za inchi 10 tu. Ila msaada huo una upande wake wa pili: gari likirudi nyuma, viatu vile vya mbele hupoteza msaada, na breki hudhoofika. Anayeteremka kilima kinyumenyume akumbuke jambo hilo.

Diski haina msaada huo wa bure hata kidogo. Huhitaji msukumo mkubwa zaidi, na kwa gari zito hiyo ina maana ya busta, yaani kile chombo cha mviringo kinachouongezea mguu nguvu. Vilevile masta silinda nyingi za ngoma zina vali ndogo inayobakiza msukumo kidogo katika mabomba. Kwa ngoma vali hiyo ni msaada. Kwa diski ni balaa, maana pedi hazitaachia, zitasugua njia nzima mpaka ziungue. Kwa hiyo mwenye kutaka diski asidhani ananunua diski tu. Ananunua diski, kalipa, masta silinda, busta, mabomba, vali ya kugawanya msukumo kati ya mbele na nyuma, na pengine hata rimu mpya ambazo kalipa haitazigusa.

Jambo la kugawanya msukumo si dogo. Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Ya nyuma yakikwama kabla ya yale ya mbele, gari huzunguka kama pia. Kiwanda cha Land Rover chenyewe, kilipotoa gari la One Ten mwaka 1983, kiliweka diski mbele, na nyuma kikaacha ngoma, kila upande ukiwa umepimwa kwa ajili ya mwenzake.

TUWAPIME MAFUNDI WATATU

Tuanze na fundi wa tatu, mwenye ekseli ya Range Rover. Ni kweli kwamba Range Rover ilikuwa na diski magurudumu yote manne tangu ilipotoka mwaka 1970. Lakini difrensha yake kwa kawaida ina uwiano wa 3.54, na ya Land Rover Series ya silinda nne ni 4.7. Ekseli ya mbele ikiwa na uwiano mmoja na ya nyuma mwingine, siku dereva atakapotia magurudumu yote manne kazini, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike. Isitoshe, ekseli ile ilitengenezwa kwa springi za mviringo, si za majani. Ushauri wa fundi huyo ukataliwe, labda kama sajini yuko tayari kubadili ekseli zote mbili pamoja na vishikizo vyake, kazi ambayo si ya siku mbili.

Fundi wa pili, mwenye diski za mbele, asikilizwe kwa sharti moja. Awe na seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hili hili, pamoja na masta silinda na busta inayolingana nayo. Kalipa ya gari hili, diski ya gari lile, na kishikizo kilichochomelewa uani kwa mtu, huo si mfumo wa breki. Ni kamari, nayo huchezwa na abiria wote waliomo.

Fundi wa kwanza ndiye tunayemuunga mkono, kwa barabara ya Kabale na kwa mfuko wa pensheni, lakini ushauri wake haujatimia. Kurudishia ngoma zilezile hakutoshi. Ngoma zipimwe, iliyokwisha chongwa kupita kipimo chake cha mwisho itupwe. Sili za mafuta za haba zibadilishwe kwanza, kwani lainingi mpya ikilowa mafuta imekufa siku hiyo hiyo. Silinda zote za magurudumu ziwe mpya, viatu vibadilishwe kushoto na kulia pamoja, na springi za kurudishia zisiwe zile zilizolegea. Mabomba yawe ya chuma cha breki au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, na mipira yote iwe mipya, kwa maana mpira uliozeeka huvimba kwa ndani usionekane kwa nje.

Kisha aongeze mambo mawili. La kwanza ni masta silinda ya njia mbili. Katika magari mengi ya zamani njia ilikuwa moja, hivyo bomba moja likipasuka breki zote zimekwenda. Masta silinda ya njia mbili hutenganisha mbele na nyuma, na upande mmoja ukifa wa pili hubaki. Marekani iliifanya kuwa sheria kwa magari madogo mapya tangu Januari 1968. Fedha atakazookoa sajini kwa kutonunua diski azitumie hapa.

La pili ni busta. Baadhi ya Series III zilitoka kiwandani zikiwa nayo. Lakini busta ya kawaida hufanya kazi kwa uvutaji wa hewa unaotoka katika injini ya petroli, na injini ya dizeli kwa kawaida haina uvutaji wa namna hiyo. Mtu akiifunga busta katika injini ya dizeli bila pampu ya vakyumu, amefunga pambo. Injini nyingi za Kijapani zina pampu hiyo nyuma ya altaneta. Sajini ahakikishe kwamba ipo, ni nzima, na mpira wake haujapasuka. Tena wakazi wa milimani wajue kuwa kwenye mwinuko wa meta 2,000 msukumo wa hewa umepungua takriban sehemu moja katika tano kuliko pwani, na msaada wa busta hupungua pamoja nao. Basi majaribio yafanywe huko huko juu, si bondeni.

MAFUTA YA BREKI NA VUMBI LAKE

Mafuta ya breki si mafuta ya injini, wala si dizeli, wala si maji ya sabuni. Mafuta ya injini huvimbisha mipira yote, na kazi nzima hurudi mwanzo. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 chini ya 230. Lakini hunywa unyevu wa hewani, na DOT 3 iliyokwisha kunywa unyevu yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama ile hewa ya katika mrija wa watoto. Kopo lililokaa wazi lisitumiwe, na mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa katika gereji zetu. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa pumuani laweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza ilizipiga marufuku mwaka 1999. Mwenye kufungua ngoma ya gari kuukuu asilipulize vumbi kwa upepo wa kompresa wala kwa kinywa. Alilowe kwa maji, alipanguse kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho akifunge katika mfuko na kukitupa. Nguo za kazi asimletee mama watoto azikung'ute na kuzifua pamoja na za mtoto mchanga.

HENDIBREKI YA LAND ROVER

Neno hili ni kwa jamaa nzima. Hendibreki ya Land Rover za aina hii haishiki magurudumu yenyewe. Hushika propela inayokwenda nyuma. Kwa sababu hiyo, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hendibreki haizuii tena gari, kwani lile lililo juu laweza kuzunguka na lenzake likabingirika. Shafti ya ekseli ikivunjika pia haishiki. Kwa hiyo weka mawe au magogo kwenye magurudumu kabla ya kupiga jeki, na watoto wakae mbali. Wala isivutwe gari likiwa katika mwendo, ila iwe ni ajali isiyo na njia nyingine.

KUMWONYESHA MAMA

Sasa sajini aweza kumwita mkewe ashuhudie. Kwanza, gari likiwa limesimama, akanyage breki kwa nguvu dakika nzima. Kanyagio likizama polepole pana mahali panapovuja. Pili, injini ikiwa imezimwa, akanyage mara 5 au 6, kisha aendelee kubonyeza na kuiwasha. Kanyagio likishuka kidogo, busta inafanya kazi; lisipotikisika, haifanyi. Tatu, katika uwanja mtupu, ajaribu kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 40, kisha 60. Gari lisivute kushoto wala kulia, na magurudumu ya nyuma yasikwame mbele ya yale ya mbele. Nne, apakie magunia ya mchanga yenye uzito wa jamaa na mizigo yao, arudie yote. Mwisho ateremke kilima kwa gia ndogo, asimame chini, na akaribishe mkono kwenye kila gurudumu pasipo kuligusa. Lililo la moto kuliko mengine halijarekebishwa sawa. Ngoma hizi hazijirekebishi zenyewe. Fundi hana budi kuzirudia baada ya kilomita mia chache za mwanzo.

Fundi atakayesema kwamba gurudumu linalovuja lizibwe bomba lake ili safari iendelee, asipewe gari tena. Gari la breki tatu huvutwa upande mmoja saa ileile dereva anapotaka liende sawa.

Rangi iliyonunuliwa yaweza kungoja. Fedha za gari kuukuu zianzie kwenye breki, zifuate usukani na matairi, ndipo injini, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Jirani ataisifu rangi asubuhi moja, bali breki zitaombwa kazi kila kona kutoka Kabale mpaka Kisoro.

Tunamtakia sajini kazi njema, na mkewe tunamsihi asilegeze sharti lake. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kutambua tairi iliyozeeka ingawa meno yake bado yamesimama. Kwaherini.